Uchungu Uliomuua Mama

Fundi wa kike alikuwa mmoja tu katika karakana ile ya makochi, na wenzake walimwita Sindano mpaka jina likamganda. Hakuna aliyemfikia kwa kushona pindo la kochi kwa mkono, ile sindano nene iliyopinda ikiingia na kutoka kwenye kitambaa bila kuacha alama. Halafu kulikuwa na umbo lake. Fundi mkuu alipenda kusema kwamba binti huyu akisimama kiubavu, humwoni. Sasa mimba ilikuwa imeingia mwezi wa nane na utani ukageuka: walisema Sindano amemeza kibonge cha uzi.

Sindano alicheka nao. Alikuwa mcheshi, tena hodari wa kurudisha maneno. Lakini kulikuwa na neno moja ambalo halikutoka kinywani mwake, na wote waliokaa naye miaka hawakuwahi kuligundua. Hakutamka neno uchungu. Chai isiyo na sukari aliiita mbaya. Dawa aliiita kali. Mtu akifiwa, alisema ana huzuni. Na lile lililokuwa likimngoja baada ya wiki chache, ambalo kila mtu alilitaja kwa jina lake, yeye aliliita "siku hiyo".

Aliamini kwamba siku hiyo atakufa. Hofu ya kawaida kila mjamzito anayo, huja na kuondoka. Yake haikuondoka, ilikuwa imeshahamia na kujipangia vyumba. Alikuwa anajiandaa kufa kama mtu anavyojiandaa kwa safari.

Mumewe, fundi bomba, ndiye aliyeonja joto lake. Akirudi kazini na mikono bado inanuka gundi ya mabomba, mkewe humkalisha chini na kumfundisha kumwogesha mtoto. Alikata sponji ya kochi, akaishona ikawa na kichwa na mgongo, na jioni nyingi yule mwanamume mwenye vidole vya kukazia nati alikaa kwenye kigoda akiogesha sponji. Alidhani ni mapenzi tu ya mama mtarajiwa. Mpaka siku alipofungua kabati akakuta nguo za mkewe zimepangwa mafungu, hili la dada, hili la jirani, na mkewe nyuma yake akimwambia kwa sauti tulivu kabisa kwamba akija kuoa tena, aangalie asije akamletea mtoto mama mwenye mkono mwepesi wa kupiga. Fundi bomba aliiacha kabati wazi akatoka nje. Aliporudi alimwambia kwamba anamfanya mjane angali na mke. Sindano alimwonea huruma tu.

Chanzo cha yote haya ni sentensi moja aliyoisikia nyuma ya mlango.

Alikuwa na miaka sita. Mama yake alikuwa na tumbo kubwa, na ndani yake, aliambiwa, mna mdogo wako. Siku za kujifungua zilipokaribia, yeye akapelekwa kwa shangazi yake akakae huko mpaka mama ajifungue. Huko akaanza shule, meno ya mbele yakang'oka, akajifunza kuruka kamba. Mtoto hana kalenda, na hakuna mtu mzima aliyeona haja ya kumweleza kitu. Siku moja shangazi alimvalisha gauni bila kumtazama usoni, wakarudi nyumbani, wakakuta wanawake wamejaa, wamekaa chini. Mama hayupo. Tumbo halipo. Mdogo wake hayupo. Alijibanza nyuma ya mlango wa chumba, akamsikia mama mkubwa, dada ya mama yake, akimwambia mtu: "Uchungu ndio uliomuua."

Hakujua uchungu ni mdudu gani. Akajua baadaye, aliposikia wanawake wa mtaani wakisema fulani ameshikwa na uchungu, amekimbizwa hospitali kuzaa. Akaunganisha kitambaa na kitambaa, na mshono ule ukashika miaka ishirini na zaidi. Baba alikwenda kuoa mbali, na mama mkubwa ndiye aliyemlea. Mara mbili au tatu binti aliuliza mama alikufa kwa nini. "Uchungu, mwanangu," mama mkubwa alijibu, macho yakamjaa maji. Mtoto anayempenda mlezi wake hamlizi kwa makusudi. Akaacha kuuliza.

Na watu nao hawana huruma. Mwenye mimba akiingia mahali, kabla hajapewa kiti amekwisha kupewa hadithi: mara binamu wa mtu alikaa siku tatu, mara jirani ya mtu alichanika vibaya, mara yule aliyekwenda akicheka akarudi amebebwa. Wanaosimulia wanajifanya wanamwandaa mwenzao, kumbe wanajifurahisha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sindano alisikiliza kila hadithi mpaka mwisho na kila moja ilimthibitishia alichokuwa akikijua.

Kliniki alikwenda kwa sababu mumewe alimpeleka. Chumba cha mafunzo kilikuwa na mabenchi, mzani, pazia la kijani lililofuliwa mpaka likapauka, na mkunga mfupi mnene mwenye sauti ya kuamshia mtaa. Mkunga huyu alikuwa na mtindo wake. Kabla hajafundisha lolote, kila mwanamke alitakiwa aseme anaogopa nini, na akishasema, mkunga alimuuliza swali la pili: nani alikwambia?

Mmoja alisema anaogopa kwamba atapata haja kubwa mbele za watu wakati wa kusukuma. Wenzake wakaficha nyuso. Mkunga akamjibu kwamba wengi huwapata hayo, kwamba yeye huwa anafuta na kuendelea na kazi, na kwamba ni heri kuyasema hapa, maana mficha uchi hazai. Mwingine alisema ameambiwa mtoto akichelewa hukata pumzi ya mama. Nani alikwambia? Jirani. Na huyo jirani amezaa wangapi? Hajazaa. Benchi zima likaangua kicheko, na aliyesema akacheka kuliko wote, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Kisha mkunga akafundisha. Alisema uchungu haukai mahali pamoja. Hupanda, hufika juu, hushuka, na ukishashuka unapewa nafasi ya kupumzika kabla mwingine haujaja. Alisema mwenye hofu hukaza mwili, na mwili uliokazwa huuma zaidi, na anayeumia zaidi huogopa zaidi, ikawa ni kuzunguka hapo hapo. Akawafundisha kulegeza taya na mabega, na kutoa pumzi taratibu kama mtu anayepoza chai. Sindano alipoza chai na wenzake. Zamu yake ilipofika ya kusema hofu, alikuwa amejibu kwamba haogopi kitu. Mkunga alimtazama, akampita.

Lakini wenzake walipotoka, mkunga alimwita ampime tena presha, ingawa alikuwa amekwisha kumpima. Alimfunga ule mkanda mkononi na kumuuliza kwa sauti ndogo, ambayo mtu asingedhani anayo, ni nani aliyekufa kwao.

Sindano alimwambia. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe hakujua kisa chenyewe. Alisema mama yake alikufa kwa hilo, wakati wa kumzaa mdogo wake, na kwamba yeye mwenyewe kimwili amefanana na mama kama shilingi kwa ya pili.

"Kwa hilo lipi?" mkunga akauliza.

"Kwa hilo hilo. La kuzaa."

"Uchungu?"

Sindano akaitikia kwa kichwa.

"Uchungu peke yake hauui, mama. Kinachoua kina jina lake. Ni damu nyingi, au kifafa cha mimba, au mtoto kukwama. Mama yako alikufa kwa kipi?"

Sindano hakujua. Alikaa na mkanda mkononi akatambua kwamba miaka yote hii amekiogopa kitu ambacho hakuwahi kukiuliza. Mkunga hakumsimanga. Alimweleza tu kwamba yeye kama mkunga jibu analihitaji kwa kazi: kama ni damu, ajiandae kwa damu, kama ni presha, amfuatilie kwa karibu. Sindano aende akaulize nyumbani, kisha aje amwambie.

Mama mkubwa alikuwa anapiga pasi Sindano alipofika. Ndiyo ilikuwa kazi yake tangu zamani, kupiga pasi nguo za watu, na chumba kilinuka joto la pamba kama siku zote. Walisalimiana, wakaulizana hali za miguu iliyovimba na mgongo unaouma. Sindano alikuwa amepanga namna ya kuanza, lakini alipokaa alisahau yote, akauliza moja kwa moja. Kwamba mkunga anataka kujua mama alikufa kwa nini siku ile ya kuzaa: damu, presha, au mtoto alikwama?

Mama mkubwa aliisimamisha pasi.

"Siku gani ya kuzaa?"

"Siku ya kumzaa mdogo wangu."

"Mama yako hakufa siku hiyo." Alisema kama mtu anayemsahihisha mtoto jina la rangi. "Mama yako? Alizaa kama mtu anayepiga chafya. Mkunga alikuwa hajamaliza hata kuvaa glavu, mtoto huyo anamlilia mkononi. Na wewe ulikuwa hivyo hivyo. Tulimtania, tukamwambia wewe unazaa kwa wizi."

Sindano akasikia kitu kinamlegea kuanzia shingoni mpaka kwenye nyayo. Alicheka. Hakuweza kujizuia, alicheka mpaka tumbo likamuuma, na mama mkubwa alimtazama bila kuelewa ni nini kinachochekesha. Kisha Sindano akafuta machozi na kumkumbusha. Yeye alimsikia kwa masikio yake, nyuma ya mlango, akisema uchungu ndio uliomuua. Na alipouliza baadaye, jibu lilikuwa lile lile.

"Na uchungu ndio uliomuua," mama mkubwa akasema polepole. "Uchungu wa mwana."

Hapo ndipo alipoelewa kile ambacho binti alikuwa amekielewa, akaketi kitandani juu ya mashati ya watu yaliyonyooshwa.

Akasimulia. Mtoto alikuwa wa kiume. Aliishi. Aliishi mpaka akaanza kucheka akiitwa, mpaka akaanza kushika vidole vya watu. Kisha homa ikamchukua, asubuhi yuko, jioni hayuko. Mama yake hakulia. Watu walisema amejikaza, wakamsifu. Baadaye akaacha kula, kisha akaacha kuongea. Alilala amegeukia ukutani, na wao wakimlisha kwa kijiko, na uji ukitoka pembeni ya mdomo. Hospitali walisema haumwi chochote. Siku moja wakaamka wakakuta amekwisha kufa.

"Na mimi nilikuwa wapi?" Sindano akauliza.

"Kwa shangazi yako."

"Muda wote huo?"

"Muda wote huo."

Sindano akaona kwamba mama mkubwa ana neno jingine na anatafuta mahali pa kulificha. Lakini alikuwa mwanamke asiyejua kusema uongo, ni kipaji alichonyimwa, hata wateja wakiuliza nani ameunguza kola alisema ni yeye. Akasema kwamba yeye alitaka kumleta. Alimwambia mdogo wake, ngoja nikuletee binti yako umwone. Mgonjwa akatikisa kichwa, akasema asiletwe. Ndilo neno la mwisho walilolipata kutoka kwake.

"Tukamsikiliza," mama mkubwa akasema. "Tulidhani tukimkatalia tutamwongezea uchungu."

Ile nuru ya kicheko ilizimika hapo hapo. Sindano aliaga, akatembea mpaka nyumbani. Alikuwa amekwenda na kifo kimoja, akarudi amenyang'anywa hicho na kupewa kingine kigumu zaidi. Kile cha kwanza kilikuwa na heshima yake: mama alichukuliwa, hakuwa na la kufanya. Hiki cha pili kilimwambia kwamba mama alikuwa na watoto wawili, mmoja akafa, na yule aliyebaki hakutosha kumfanya aamke kitandani.

Alimweleza mumewe yote, tangu nyuma ya mlango. Fundi bomba alimsikiliza, akaenda kabatini, akayachanganya yale mafungu ya nguo yote kwa pamoja. Alikuwa na haki ya kufurahi, akafurahi. Mkewe hatakufa. Alishindwa tu kuelewa kwa nini mtu aliyepewa habari njema namna hii anashona usiku na mchana bila kufungua kinywa.

Mkunga alielewa upesi zaidi. Alipoambiwa, alisema kwanza lile la kazi: basi hapa hakuna damu wala presha ya kurithi, na nyonga zako zinatosha kupitisha mtoto. Kisha akavua miwani. Akasema kwamba hilo la kugeukia ukutani nalo lina jina, ni maradhi, na humpata hata mama ambaye mtoto wake yuko hai na mzima. Zamani watu hawakulijua, wakaliita kujikaza, au kiburi, au kurogwa. Siku hizi linajulikana na lina tiba, mradi watu wa nyumbani waseme mapema.

Sindano alimuuliza kama mtu mwenye maradhi hayo huwa anawapenda watoto wake.

"Anawapenda," mkunga alisema. "Hawezi kuwafikia, ndiyo tabu yake."

Lilikuwa jibu zuri, na Sindano alilibeba. Halikumtosha. Wiki zile zote alimkasirikia mama yake kwa hasira ya mtoto wa miaka sita, na hasira ile ilimtia haya kwa sababu aliyekasirikiwa hayupo kujitetea.

Uchungu ulimkuta asubuhi akifua. Alisubiri ule wa kwanza ushuke, akasubiri wa pili, akakamua nguo iliyokuwa mkononi na kuianika, ndipo akaingia ndani akamwambia mumewe, "Uchungu umenishika." Alilisema lile neno lilivyo. Fundi bomba, aliyefundishwa kuogesha na kuvalisha na kubembeleza, alisahau kila kitu, akatoka na kiatu mguu mmoja na ndara mguu wa pili.

Tusidanganyane: uliuma. Ulipanda kiunoni ukamzunguka na kumkaba, na katikati ya mchana alipiga kelele ambazo zilisikika hadi kwenye mabenchi ya nje, alikokaa mumewe amefumba macho. Lakini kila ulipofika juu ulishuka, kama alivyoambiwa, na kila uliposhuka alilegeza taya, akalegeza mabega, akapumzika. Mkunga alimkandamiza mgongoni kwa kiganja na kumwambia apoze chai. Mara moja tu hofu ya zamani ilichungulia mlangoni. Sindano aliikagua, akaona haina tena kifo cha mama cha kushikilia, na uchungu mwingine ulipokuja akaupokea kama kazi. Haukuwa wepesi wa mtu anayepiga chafya. Alitoka jasho, akatapika, akamtukana fundi bomba ambaye hakuwepo. Alasiri mtoto akatoka, wa kike, na hasira zake.

Walimlaza kifuani. Alikuwa na joto, mzito kuliko alivyodhani, na amekunja uso kama mtu aliyeamshwa kwa makosa. Sindano alimtazama, na jambo ambalo hakulitarajia likampata. Alimwelewa mama yake. Alielewa ni nini kile ambacho homa ilikichukua kati ya asubuhi na jioni, na kwamba baada ya hapo mtu anaweza kabisa kugeukia ukuta na asisikie jina lolote, hata la mtoto mwingine aliye hai. Alitamani asingeelewa. Hasira ilikuwa nyepesi kuliko hili.

Mama mkubwa alifika na chupa ya chai na kanga zilizopigwa pasi. Fundi bomba alikuwa nje anawapigia watu simu, anawatangazia uzito wa mtoto kama aliyemzaa yeye. Mama mkubwa alimshika mtoto, akamwombea, akamrudisha kifuani, akaanza kumimina chai. Sindano akamwita.

"Mama alipokataa nisiletwe, mlimsikiliza."

Chupa ikabaki hewani. "Tulimsikiliza, mwanangu."

"Mimi usinisikilize. Ukiniona nimenyamaza, mwambie mkunga. Nikisema mtoto aondolewe, usimwondoe. Nikigeukia ukutani, mlete umlaze huko huko upande wa ukuta. Hata nikikataa."

Mama mkubwa aliiweka chupa chini. 

"Ningekubeba siku zile," alisema. "Ningekuleta kwa nguvu nikakulaza pale. Huenda angebaki."

Huenda angebaki. Huenda asingebaki. Hakuna mtu duniani anayelijua jibu lenyewe. Sindano alijisogeza kitandani akamwachia nafasi yule mwanamke aliyemlea. Mama mkubwa akakaa, akainamisha kichwa karibu na miguu ya mtoto, akalia. Na Sindano, ambaye miaka yote alikuwa amekiogopa kifo kile kiasi cha kutokipatia machozi, akamlilia mama yake kwa mara ya kwanza.